Majumba kwa kalamu: hati ya khiari ilivyofanya kazi Maskati

Ratansi Purshottam alishuka Maskati mwaka 1857, mwaka mmoja tu baada ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, kufariki baharini akielekea Unguja. Alikuwa Mbhatia, yaani Mhindu wa jamii ya wafanyabiashara, kutoka Kutch nchini India, na alikuja kufanya kazi chini ya jamaa zake waliomtangulia. Mwaka 1867 alifungua biashara yake, na baadaye akakodi forodha ya Maskati, yaani haki ya kukusanya ushuru wake. Jina lake lingali kwenye kampuni ya Maskati hadi leo.

Mji aliouingia ulikuwa karibu kukaukiwa na fedha. Mwaka 1861 dola ya Sayyid Said iligawanywa baina ya Oman na Unguja, na Maskati ikabaki kungoja riali 40,000 kila mwaka kutoka Unguja. Kisha meli za moshi zikaanza kunyang'anya majahazi shehena zao. Wenye nyumba na mashamba ya mitende walikuwa na mali, ila fedha taslimu hawana. Fedha zilikuwa kwa Mabanyani, wafanyabiashara wa Kihindu kama Ratansi. Kujenga mtaa mpya nako hakukuwa rahisi, kwani Maskati ya kale imebanwa baina ya majabali, bahari na ukuta wake. Mgeni mwenye mtaji aliyetaka majumba aliyapata kwa kalamu ya katibu.

Chombo chenyewe kilikuwa bei ya khiari: mauzo ambayo muuzaji anabaki na haki ya kurudisha bei na kuchukua mali yake. Wafanyabiashara wa tabaka la Ratansi walikitumia Oman na Unguja pia. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwenye nyumba anahitaji riali 1,000. Anamwuzia tajiri nyumba kwa bei hiyo, kwa sharti kwamba akirudisha riali 1,000 ndani ya miaka miwili, nyumba ni yake tena. Siku hiyohiyo anaikodi nyumba ileile kutoka kwa tajiri, tuseme kwa riali 100 kwa mwaka. Hahami, wala hagusi fanicha. Muda ukipita bila bei kurudishwa, mauzo yanakuwa ya moja kwa moja.

Hesabu yake ni asilimia 10 kwa mwaka, lakini katika hati nzima neno riba halimo. Kilichomo ni bei na kodi, na vyote viwili ni halali. Hapo ndipo wanazuoni walipokuwa na swali: je, wawili hawa walikusudia kuuziana, au walikusudia kukopeshana? Bei ikiwa chini mno ya thamani ya nyumba, jibu linajitokeza lenyewe.

Utaratibu huo haukuishia kwenye nyumba. Shamba la mitende liliingia humo, na hata zamu ya maji ya falaji, yaani mfereji wa kumwagilia, kwa sababu Oman maji ya falaji humilikiwa na kuuzwa mbali na ardhi. Tende ndizo zilizoifanya biashara hiyo inoge. Zilisafirishwa hadi New York, na tajiri aliyeshika hati ya shamba alikuwa na uhakika wa kupata mavuno kabla ya washindani wake. Huko Unguja karafuu ilifanya kazi hiyohiyo.

Kwa hiyo ni kosa kudhani kwamba tajiri alikuwa akiombea mdaiwa ashindwe. Mbhatia wa Maskati angefanya nini na shamba la Sama'il, huko bara ya Oman? Hakujua kupanda mitende wala kugombania maji na majirani. Mdaiwa aliyebaki shambani mwake, akilipa kodi na kuleta tende kila msimu, alikuwa na faida kuliko shamba lisilo na mwenyewe. Hati zilifanywa upya, muda ukaongezwa, na deni jipya likawekwa juu ya la zamani. Umiliki kamili ulikuwa tishio lililokaa kwenye karatasi, na mara nyingi tishio lilitosha.

Mchezo huo ulihitaji subira ndefu kuliko umri wa mtu mmoja, na subira hiyo ilitoka kwenye familia. Kwa desturi Mabhatia wa zama zile waliwaacha wake zao Kutch. Wana na wapwa waliletwa wakiwa vijana, wakaanza kwa ukarani, wakajua daftari na wadaiwa kabla ya kukabidhiwa funguo. Mkubwa alipozeeka alirudi kwao, na hati zikabaki mikononi mwa nyumba ileile ya biashara. Aidha, walikuwa chini ya himaya ya Waingereza, hivyo madai yao yalikuwa na konseli wa kuyasimamia. Mdaiwa alipokufa, mali yake iligawanywa baina ya warithi. Tajiri alipokufa, daftari lilibaki zima.

Udhaifu wa mpango huu ni kwamba ulisimama juu ya bei ya zao. Tende au karafuu zikiporomoka, mdaiwa hana kodi, na tajiri anarundikiwa mashamba asiyoyataka. Unguja jambo hilo lilifikia kilele katika mdororo wa miaka ya 1930, na mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie kwa wengine.

Swali la wanazuoni nalo lilipata jibu. Mwaka 1992, Baraza la Kimataifa la Fikihi lilikutana Jeddah na kuamua kuwa bei ya wafaa, ambayo ni ndugu wa khiari kwa muundo, haijuzu, kwa kuwa hakika yake ni mkopo unaoleta manufaa. Kipimo hicho kinamfaa yeyote anayewekewa mbele mkataba wa kuuza na kukodi palepale. Aulize mambo mawili: bei iko karibu na thamani ya soko? Na nyumba ikianguka kesho, hasara ni ya nani? Kama hasara ni ya mpangaji, basi aliyejiita mnunuzi hakununua kitu. Amekopesha.