Heko kwa Wenyeji wa Novemba

Alhamisi ya nne ya Novemba, Marekani huadhimisha Sikukuu ya Shukrani, siku iliyowekwa kisheria tangu 1941. Masomo husimama, mabweni hubaki matupu, na mwanafunzi kutoka Mwanza au Mombasa hana pa kwenda. Hapo ndipo rafiki wa darasani humwambia, "Twende kwetu."

Heko kwa familia hizi! Mgeni hukuta kitanda kimetandikwa, bata mzinga yumo kwenye oveni tangu asubuhi, na mama mwenye nyumba humuuliza kama anatumia nguruwe kabla hajampakulia. Baada ya mlo hukabidhiwa kitambaa akaushe vyombo na watoto. Sisi mgeni humpa jembe siku ya tatu. Wao hawangoji, naye hujiona wa nyumbani.