Vitabu Vinne vya Mwaka Mmoja

Msomaji kijana, mtu akisoma mwaka mzima hafiki mwisho wake na vitabu vyote alivyovifungua. Vingi hupita kama wageni wa njiani. Vichache hukaa kama jamaa. Nataka kukueleza vitabu vinne vilivyokaa kwangu katika mwaka mmoja wa kusoma. Sikuvichagua kwa unene wala kwa sifa za waandishi wake. Nimevichagua kwa kuwa vyote vinasema habari moja, utumwa na uhuru katika pwani yetu, na kila kimoja kinaisema kwa kinywa kingine.

Habari hiyo si ya mbali. Hapa Vanga na Shimoni ni majirani, na huko Shimoni wageni huonyeshwa mapango ambamo, kwa masimulizi ya wenyeji, watumwa walifungiwa wakingoja vyombo vya kuwavusha. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Lakini sheria ilifuta hali, haikufuta neno. Hata leo hutokea watoto wakagombana, na mmoja akarushiwa nasaba yake usoni kama jiwe. Basi usidhani kwamba vitabu hivi vinahusu wafu peke yao.

Cha kwanza ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa lakabu ya Tippu Tip. Mfanyabiashara huyu, aliyefariki Unguja mwaka 1905, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na masimulizi yake yalipigwa chapa kwanza pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903. Lugha yake naipenda sana. Ni fupi, kavu, haina mapambo. Kitenzi kinafuata kitenzi kama hatua za msafara. Anataja madeni, anataja vita, anahesabu pembe kwa frasila. Lakini tazama vizuri: pembe zina hesabu, na mabega yaliyozibeba aghalabu hayana majina. Sioni kwamba mwandishi alikusudia kutuficha. Naona kwamba jambo lenyewe halikumshughulisha, na hilo linatisha kuliko uficho. Kitabu hiki kilinifunza kuwa mtu aweza kusema kweli nyingi ndogo akaiacha kweli moja kubwa.

Cha pili ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotolewa London mwaka 1934. Hapa kinywa kimebadilika. Mbotela alikuwa mwana wa mtu aliyetekwa, akaokolewa, akakaa Freretown, makao yaliyofunguliwa na wamisionari karibu na Mombasa mwaka 1875. Kengele ya makao hayo ndiyo iliyopapa mahali pale jina la Kengeleni. Kurasa za kutekwa, za safari ya miguu hadi pwani, na za jahazi lililokamatwa na manowari ya Kiingereza ni kurasa zenye nguvu. Nani angezisoma na moyo wake usitikisike?

Hata hivyo, kitabu hiki kina kasoro ambayo haifai kufunikwa. Kinawasifu Waingereza bila ya kipimo. Najua kwamba mwana wa aliyeokolewa hawezi kukosa shukrani, wala simlaumu kwa hiyo. Lakini shukrani isiyouliza swali hufanana na usingizi. Waingereza walitangaza himaya yao juu ya nchi hii mwaka 1895, na hali ya utumwa katika pwani haikufutwa mpaka 1907. Ilikuwaje mkombozi akakaa miaka 12 na ufunguo mkononi? Mbotela hatupi jawabu. Nakupa shauri usikitupe kitabu kwa sababu hiyo. Kisome, ukigombane nacho. Kitabu cha kugombana nacho kina faida kuliko kile unachokikubali ukiwa unapiga miayo.

Cha tatu ni Wasifu wa Siti binti Saad, kazi ya Shaaban Robert, jirani yetu wa ng'ambo ya mpaka, aliyezaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika ukoo wa watu wanyonge, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Alichuuza vyungu kwa miguu. Kisha akaingia mjini, akafunzwa kuimba, akaitwa Siti, maana yake bibi mwenye heshima. Na mwaka 1928 akasafiri mpaka Bombay kutia sauti yake katika santuri. Fikiri umbali uliopo baina ya majina hayo mawili! Hakuna manowari iliyomvusha. Alivuka kwa koo lake.

Kosa la kitabu hiki ni kosa la mapenzi. Mwandishi anampenda Siti mno hata mara kwa mara anasimama mbele yake kutuhutubia, nasi tunamsikia mwalimu tulipotamani kumsikia mwimbaji. Lakini Shaaban Robert alitambua, mapema kuliko wengi, kuwa maisha ya mwanamke aliyechuuza vyungu yanastahili kitabu sawa na maisha ya sultani. Kwa hilo namsamehe hotuba zake zote.

Cha nne ni Peponi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, alikiandika kwa Kiingereza mwaka 1994; Ida Hadjivayanis akakileta katika Kiswahili mwaka 2022. Yusuf, kijana wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri anayemwita kwa jina la undugu. Baadaye anaelezwa kwamba undugu haupo: amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Anafuata msafara wa biashara hadi bara, misafara ile ile aliyoisifu Tippu Tip. Ila safari hii tunaitazama kwa macho ya aliyechukuliwa.

Katika bustani ya tajiri huyo yumo mtumishi mzee, Hamdani. Bibi yake alitaka kumpa uhuru kuwa zawadi, naye akakataa. Kwa fikira yake, uhuru haukuwa mali ya bibi yule hata aweze kuutoa. Niliposoma hapo nilikifunga kitabu kwa muda, nikamkumbuka Mbotela. Mmoja anashukuru kwa kupewa uhuru. Wa pili anauliza ni nani aliyekuwa nao wa kumpa. Mzee yule ni wa kubuniwa, lakini swali lake ni la kweli, na ndilo linalokifanya Peponi kitangulie katika hesabu yangu.

Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Tajiri alivuta, aliyekombolewa alivuta, na hata mtunzi mwenye mapenzi alivuta. Kwa hiyo usiridhike na kitabu kimoja juu ya jambo zito. Kila unapofungua kitabu jiulize mambo mawili: ni nani anayesema hapa, na ni nani aliyenyamazishwa? Kisha ukatafute kitabu cha yule aliyenyamazishwa.

Nasi tunaowaandaa walimu tuna jukumu letu. Mwanafunzi atakayesikia neno lile likirushwa uwanjani anahitaji kitu zaidi ya adhabu ya mrushaji. Anahitaji kujua kuwa msichana aliyeitwa Mtumwa alisikilizwa na pwani nzima. Anza basi na Wasifu, maana ni mfupi. Na utakapofika Peponi, nenda polepole katika bustani ya mzee Hamdani.