"Yangu" ya Nani? Kumsoma Salim bin Abakari nikiwa Tororo

Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli. Humo Salim bin Abakari anasimulia safari ya Urusi na Siberia. Alikwenda kama mtumishi wa Mjerumani, lakini akaiita "safari yangu". Darasani nilimsifu kwa hilo: mtumishi ameishika kalamu.

Kisha wikendi moja mimi, Mtanzania ninayesoma Kenya, nilivuka Busia na wenzangu kwenda kupanda Mwamba wa Tororo. Mpakani Kiswahili kilitutosha kubadilisha pesa. Tororo nilimwamkia bibi mmoja, "Shikamoo", akanitazama, akanyamaza. Mwenzetu Mganda alinieleza taratibu kwamba kwa wazee wengi hiyo ni lugha ya askari wa enzi za Amin.

Niliporudi niliandika insha iliyojaa "tuliona" na "tulipanda". Yule bibi sikumtaja. Ndipo nilipouona upungufu wa sifa zangu kwa Salim. "Yangu" humpa msafiri sauti, aliyetazamwa haimpi. Anayehakiki masimulizi ya safari asitosheke na kuuliza nani anasimulia. Aulize pia nani amenyamaza, na kwa nini.