Uthabiti, Msawazo na Mrama: Istilahi za Usalama wa Meli Zikipimwa Kasulu na Kibondo

Miongoni mwa istilahi ambazo watafsiri wetu wamezipokea bila kuzihoji, "uthabiti wa meli" ni mojawapo. Huonekana katika maelezo wanayopewa abiria, katika taarifa za uchunguzi, na katika magazeti kila mara ajali inapotokea majini. Neno "uthabiti" lenyewe halina kosa. Limekomaa katika lugha na lina heshima yake. Swali letu ni jinga kidogo, lakini hapana budi liulizwe: msomaji wa kawaida analielewaje neno hilo linapotajwa pamoja na meli? Tunadai katika makala haya kwamba analielewa upesi, na analielewa vibaya. Istilahi inayoeleweka vibaya kwa wepesi ina madhara kuliko ile isiyoeleweka kabisa, maana asiyeelewa huuliza.

Tuliipima karatasi moja ya maelezo ya usalama wa abiria wa vyombo vya majini, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na ofisi ambayo hatuna haja ya kuitaja, kwa kuisoma pamoja na walimu wa Kasulu na Kibondo. Huenda baadhi ya wasomaji wakashangaa kwamba istilahi za meli zipelekwe kupimwa kwenye nyanda za juu za Kigoma, penye migomba na maharage, wala si Tanga au Unguja. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, mtu wa pwani hukisia maana kutokana na mazoea yake, hata kama neno ni bovu. Mtu wa bara hana ila neno lenyewe. Pili, si kweli kwamba watu wa huko hawahusiki na meli. Wateremkao Kigoma kwenda vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika husafiri kwa maji. Zaidi ya hayo, mwaka 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikusanyika katika kijiji cha Kagunga, mahali pasipo na njia ila ya maji au ya kupanda mlima kwa miguu. Waliletwa Kigoma kwa MV Liemba, tena baada ya kupelekwa kwanza kwa mashua hadi meli ilipotia nanga, kisha wakapandishwa mabasi hadi kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Baadaye mwaka huo kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, nayo ikafunguliwa tena. Hivyo kumekuwapo nyandani watu wengi ambao safari yao ya kwanza ya meli ilikuwa ya hatari na ya msongamano. Maneno ya usalama yanawahusu kuliko sisi tukaao ofisini.

Kabla ya kuhukumu istilahi, sharti dhana ijulikane. Chombo kinachoelea huvutwa chini na uzito wake na kusukumwa juu na maji. Uzito wote waweza kuhesabiwa kana kwamba umekusanyika mahali pamoja, ndipo penye kitovu cha uzito. Na msukumo wa maji nao una kitovu chake, yaani kitovu cha ueleaji. Wimbi likikilaza chombo upande, sehemu iliyomo majini hubadilika umbo, na kitovu cha ueleaji husogea upande ule uliolala. Kwa hiyo maji hukisukuma chombo kutoka upande huo na kukirudisha wima. Hali hiyo hudumu maadamu kitovu cha uzito hakikupanda juu mno. Kikipanda kupita kiasi, msukumo uleule uliokuwa ukikirudisha chombo huanza kukisaidia kuanguka.

Walimu hawakuhitaji meli ili kulielewa jambo hili. Huko mizigo husukumwa kwa baiskeli milimani. Anayefunga mikungu ya ndizi juu kabisa ya kibebeo hujua kwamba baiskeli yake si mbovu wala haikupungukiwa nguvu, bali itamwangukia kwenye kona ya kwanza. Akiishusha mikungu hiyohiyo ining'inie chini ubavuni, atafika. Chuma ni kilekile na uzito ni uleule. Tukaonelea kwamba mfano huu unafaa kuingia katika vitabu vya sayansi vya shule, kwa sababu mtoto wa Kibondo anaujua kwa mikono yake.

Sasa turudi kwenye karatasi. Imeandikwa humo kwamba meli ni "thabiti" na kwamba abiria wasilundikane upande mmoja. Walimu walisoma sentensi hiyo kuwa na sehemu mbili zinazopingana: ikiwa meli ni thabiti, yaani imara, ya chuma kinene, isiyotikisika, abiria akisimama hapa au pale anaidhuru nini? Wao hawakukosea. Katika Kiswahili mtu thabiti hayumbi, na ushahidi thabiti hautikisiki. Bali meli iliyo salama kabisa huyumba. Usalama wake umo katika kurudi kwake. Kumbe mtafsiri amechagua neno linalomaanisha kutoyumba ili kutaja uwezo wa kuyumba na kurejea. Abiria akilisikia hulipeleka wazo lake kwenye unene wa chuma, na akiona chuma ni kinene hutulia.

Wako wanaopendekeza "msawazo" mahali pake. Neno hili lina nafuu kwa kuwa halizungumzii nguvu, lakini nalo halifikii dhana. Fimbo iliyosimamishwa juu ya ncha ya kidole ina msawazo hadi upepo upite. Mwaka 1628 manowari ya Uswidi iitwayo Vasa ilikuwa imefungwa gatini Stockholm, imesimama wima kwa msawazo kamili. Wakaamrishwa mabaharia 30 wakimbie kutoka ubavu hadi ubavu ili kuijaribu, nayo ikalala kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa kwa hofu. Hata hivyo iliruhusiwa kuondoka, na katika safari yake ya kwanza, kabla haijatoka bandarini, upepo mdogo uliilaza, maji yakaingia kwa matundu ya mizinga, ikazama. Msawazo ilikuwa nao. Kilichokosekana ni nguvu ya kurejea. Kwa hiyo sisi twapendekeza "urejeo wima", au kwa ufupi "urejeo wa chombo". Tunakiri kwamba neno linasikika geni, tena laweza kumkumbusha mtu habari za msafiri anayerudi kwao. Lakini ugeni huo utamfanya aulize.

Kwa upande wa kuyumba kwenyewe, lugha haina umaskini wowote, na hapa ndipo karatasi ilipotuudhi hasa. Mtafsiri ameandika "mzunguko wa ubavu kwa ubavu wa chombo", maneno matano na kitu, wakati mabaharia wa pwani wana neno moja: mrama. Chombo huenda mrama kinapolala huku na huku kwa mawimbi. Walimu wote wa Kasulu na Kibondo walilijua neno hili, ingawa si kwa maana ya chombo. Walilijua katika usemi kwamba mambo yamekwenda mrama. Walipoambiwa asili yake ni jahazi baharini, walifurahi kama watu waliokuta fedha ndani ya koti la zamani. Neno ambalo limekwisha kupanda mlima peke yake, bila kubebwa na kamati yoyote, tusilitupe.

Tena mrama hutusaidia kutenganisha mambo mawili ambayo "uthabiti" huyachanganya. Meli kubwa za kitalii, zile zenye sitaha kumi na zaidi zilizopangana kama jumba la ghorofa, huwatia watu hofu kwamba zitaanguka kwa urefu wake. Kwa kweli mitambo, matangi ya mafuta na ya maji yamewekwa chini kabisa, na ghorofa za juu hujengwa kwa vyuma vyepesi. Zina mapezi pembeni, chini ya maji, ambayo hugeuka ili kupunguza mrama, abiria wasichafukwe na moyo. Mapezi hayo hayaongezi urejeo wa meli hata kidogo. Hupunguza tu kuyumba, tena hufanya kazi vema meli inapokuwa mwendoni. Mtafsiri aliyeyaita "vithabiti" amemwahidi abiria jambo ambalo mhandisi hakuliahidi. Yaitwe "mapezi ya mrama". Na ieleweke pia kwamba chombo chenye urejeo mkali mno huenda mrama wa ghafla wenye kurusha watu na shehena. Kwa hiyo wajenzi hutafuta kiasi. Mrama wa polepole na mpana nao si dalili njema kila mara, kwa kuwa waweza kuonyesha kwamba urejeo umepungua.

Mnamo tarehe 18 Julai 2012, wakati wa kusi, MV Skagit iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja ilipinduka karibu na Chumbe, bahari ikiwa imechafuka. Boti hiyo ilikuwa imetumika hapo awali katika jimbo la Washington, Marekani, kwenye maji yaliyokingwa na nchi kavu pande zote. Tunautaja mfano huu ili watafsiri waone kwamba hakuna chombo "thabiti" pasipo kusema ni katika maji gani na kikiwa kimebeba nini. Kivumishi peke yake hakitoshi.

Kuhusu uzito unaowekwa chini ili kukitia chombo adabu, karatasi ina "balasti". Pwani wana farumi, mawe au mchanga uliotiwa ndani ya jahazi lisilo na shehena. Nyandani hapana aliyelijua neno hilo, na "balasti" vilevile hapana aliyelijua. Yanapokuwa mageni sawasawa, haki ni ya lile lililokuwa letu.

Istilahi iliyotusumbua zaidi ni "uwezo wa abiria". Kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikikaribia kisiwa cha Ukara kilitajwa kuwa na "uwezo wa kubeba abiria 101". Waliokufa walizidi 220. Meli ya MV Spice Islander I, iliyopotea mkondoni Nungwi tarehe 10 Septemba 2011, ilikuwa na ruhusa ya watu wasiofika 700, na tume ya uchunguzi ilikadiria kwamba ndani yake walikuwamo zaidi ya 2,000. Sasa, uwezo kwa Mswahili ni kitu kinachoweza kujikaza. Mtu hufanya kazi kupita uwezo wake na kusifiwa. Lori hubebeshwa kupita uwezo wake, likafika Kibondo likilalama. Uwezo ni wa kushindana nao! Idadi iliyoandikwa ubavuni mwa chombo haisemi chombo kina nguvu kiasi gani; husema baada ya hapo urejeo unakwisha, tena bila onyo, kwa maana chombo kilichozidishiwa watu sitahani huweza kuonekana kimetulia mpaka watu wanaposogea upande mmoja kwa pamoja. Twapendekeza "ukomo wa abiria". Ukomo haukazwi.

Mwisho twataka kugusa vitenzi, kwani magazeti yetu huandika "meli yazama" kwa kila tukio. Kuzama ni kwenda chini. Kupinduka ni kugeuka, tumbo likawa juu. MV Bukoba ilipinduka asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, na ikabaki inaelea hali imefunikiza. Ndani yake hewa ilikuwa imenaswa, na watu waliokuwa hai walisikika wakigonga vyuma. Tundu lilikatwa ili kuwatoa. Hewa iliyokuwa ikiibeba meli ikatoka kwa tundu hilo, na hapo ndipo ilipozama. Hesabu ya waliokufa inayotajwa mara nyingi hupita 800. MV Nyerere nayo ilipopinduka, habari zilisema imezama, wakati tumbo lake lilionekana juu ya maji, na siku mbili baadaye fundi mmoja wa mitambo alitolewa ndani akiwa hai. Ukimwambia mtu kwamba chombo kimezama, umemwambia aende kutafuta maiti. Ukimwambia kimepinduka, atauliza hewa iko wapi na nani anagonga. Ziwa Tanganyika lina mfano wa aina ya tatu: hiyo Liemba, zamani ikiitwa Graf von Götzen, haikupinduka wala haikuzama yenyewe mwaka 1916, bali ilizamishwa na Wajerumani kwa makusudi, mitambo ikiwa imepakwa grisi, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Kuzama, kuzamishwa na kupinduka ni habari tatu tofauti, na vitenzi vyake vyote tunavyo. Mwalimu wa Kiswahili aweza kuzifundisha katika kipindi kimoja cha mnyambuliko wa vitenzi.

"Jaketi okozi" tumeliacha kama lilivyo. Walimu walilicheka, lakini walijua ni nini.

Limebaki moja lililotushinda. Karatasi ina "athari ya uso huru", nasi tuliisoma mara tatu, na walimu mara nne. Maana yake ni kwamba maji yakiingia ndani ya chombo na kupata nafasi ya kutembea, hukimbilia upande uliolala na kuuongezea uzito palepale, hivyo kuua urejeo. Feri ya Herald of Free Enterprise ilipinduka Zeebrugge, Ubelgiji, tarehe 6 Machi 1987 kwa sababu hiyo: iliondoka milango ya mbele ikiwa wazi, maji yakasambaa kwenye sitaha ya magari, na watu 193 wakafa. Mtu aliyewahi kubeba sinia lenye maji anaijua dhana hii barabara, ila jina lake hatunalo. Wavuvi na manahodha, wa ziwani na wa baharini, huenda wanalo. Msomaji aliye karibu nao atuletee, akitaja mahali neno linapotumika. Hadi hapo tutaandika "maji yatembeayo chomboni", ingawa ni marefu.