Grisi Huku, Oksijeni Kule

Ukitaka kumjua fundi wa hospitali aliyekomaa, mtazame anapotoka kwenye jenereta kwenda chumba cha mitungi ya oksijeni. Haendi moja kwa moja. Husimama bombani akasugua mikono kwa sabuni hadi chini ya kucha, na kitambaa chenye mafuta hukiacha nje. Grisi ileile inayoilinda injini isisagike ni hatari kwenye koki ya oksijeni, kwani mafuta yakikutana na oksijeni yenye mgandamizo mkubwa yanaweza kuwaka bila kiberiti.

Hapo ndipo ufundi huu unaponivutia. Wengi wetu hudhani usalama ni kanuni moja tu: kuwa mwangalifu. Hospitalini kila chumba kina kanuni yake, na nyingi zinapingana. Madirisha ya wodi ya kifua kikuu hutakiwa wazi ili upepo upunguze vijidudu hewani. Mlango wa chumba cha upasuaji hutakiwa ufungwe ili hewa ya nje isiingie ovyo. Stoo ya dawa hupigwa kufuli. Mlango wa dharura haupaswi kufungiwa watu ndani hata usiku mmoja. Moto wa karatasi huzimwa kwa maji. Swichibodi yenye umeme ikimwagiwa maji inaweza kumuua mwenye ndoo, kwa hiyo karibu yake hutundikwa mtungi wa kaboni dioksidi. Fundi wa miaka mingi huyabeba yote haya asiyachanganye, hata anapoitwa saa nane za usiku.

Mtazame na jenereta. Asiyejua huiwasha dakika chache, akisikia inanguruma akaizima, akaandika kwamba ni nzima. Fundi haridhiki na ngurumo. Huafikiana kwanza na sista wa zamu na watu wa upasuaji, kisha huikata njia ya umeme wa kawaida kwa makusudi, aone kama jenereta itaubeba mzigo wa hospitali. Anajua kwamba injini ya dizeli inayozoeshwa kukimbia bila mzigo haipati joto la kutosha. Mafuta yasiyoungua hujikusanya kwenye njia ya moshi, na siku inapohitajika hukosa nguvu.

Uvumilivu huohuo anao kwenye mashine ya kutakasia vifaa kwa mvuke. Kwa nyuzi 121 za Selsiasi vifaa hukaa dakika 15 au zaidi, na dakika hizo hazihesabiwi tangu swichi ilipowashwa, bali tangu joto hilo lilipofikiwa. Hewa ikibaki ndani, mvuke haufiki kila mahali, hata kama geji inaonyesha vizuri. Utepe uliobadilika rangi juu ya furushi humwambia kwamba furushi limepita kwenye joto. Haumthibitishii kwamba mkasi wa katikati umetakasika. Kwa hiyo huiangalia mipira ya mlango na mitego ya mvuke, na hukataa furushi lililoshindiliwa.

Ukali wake una sababu. Aprili 2021, moto ulizuka katika hospitali ya Ibn al-Khatib mjini Baghdad, mitungi ya oksijeni ikalipuka, na watu zaidi ya 80 wakafa, wengi wao wagonjwa na jamaa waliokuwa wakiwauguza. Fundi anapomwomba mama aliyekuja kuuguza aondoe jiko la umeme karibu na kitanda chenye oksijeni, humwita mama, humweleza kwa upole, na haondoki mpaka jiko limetoka.

Kuna pia elimu ambayo haimo kwenye michoro. Jengo la hospitali huongezwa chumba leo, ukuta kesho. Bomba huhamishwa na mchoro ukabaki wa zamani. Yeye ndiye ajuaye koki ipi ikifungwa italikausha bomba la leba. Elimu hiyo haipatikani kwa semina ya siku tatu. Inahitaji daftari linaloandikwa kila siku, na kijana wa kufuatana naye kwa miaka, si wiki, kabla hajastaafu. Hospitali inayomwacha aondoke bila kumrithisha mtu imepoteza sehemu ya uwezo wake wa kutibu, kwa sababu daktari hodari hawezi kupasua gizani, wala kwa mkasi usiotakaswa.