Kilo Zahesabiwa Dagoretti, Bei Yapatanwa Bissil

Nyama ya ng'ombe inayouzwa kwenye bucha za Riruta, kuanzia Satellite hadi Kabiria, hupimwa karibu kila inapobadilisha mikono. Mzoga hupimwa machinjioni Dagoretti. Mwenye bucha hununua kwa kilo, na mama anayetaka robo kilo ya kuchemsha hupimiwa mbele ya macho yake. Mauzo yasiyojua mizani ni yale ya kwanza, ya mfugaji mnadani. Aliyemlea mnyama miaka minne au mitano ndiye anayeuza kwa kukisia. Hapo ndipo penye kasoro kubwa ya biashara hii, na hapo ndipo inapoweza kurekebishwa.

Tazama bei inavyofikiwa katika mnada kama wa Bissil, Kajiado. Mnunuzi humzunguka maksai, humpapasa nundu, kiuno na shina la mkia kutafuta mafuta, kisha humtembeza kidogo. Wakati huo kichwani anapiga hesabu ya kurudi nyuma: mzoga utatoka kilo ngapi, Dagoretti kilo inakwenda kwa shilingi ngapi, atoe nauli ya lori, ushuru wa kaunti, ada ya kuchinja na faida yake. Kinachobaki ndicho anachotaja. Mnunuzi huyu, yaani dalali, si mwizi. Ni mtu anayeona mamia ya ng'ombe na baadaye huiona mizoga yao ikipimwa, kwa hiyo jicho lake husahihishwa kila siku. Mfugaji anayeuza wachache kwa mwaka hajui kamwe ng'ombe wake alitoa kilo ngapi.

Tuipigie hesabu tofauti hiyo. Zebu na Boran waliolishwa nyasi hutoa mzoga wa karibu nusu ya uzito wao wakiwa hai. Maksai wa kilo 320 atatoa mzoga wa kama kilo 160. Wakipatana kana kwamba ana kilo 290, mzoga unahesabiwa kuwa kilo 145, na kilo 15 zimepotea kwenye maelewano. Tukichukua bei ya mfano ya shilingi 500 kwa kilo ya mzoga, hizo ni shilingi 7,500 kwa mnyama mmoja. Kwa anayeuza kumi ni shilingi 75,000, fedha ambazo zingetosha karo au pampu ya kisima.

Mzoga wenyewe si mnyama mzima. Kichwa, miguu, matumbo na ngozi havimo katika kilo hizo 160, ilhali vyote vina wanunuzi. Supu ya kichwa na mutura unaochomwa jioni kando ya Naivasha Road vinatoka humo. Mara nyingi hapo ndipo faida ya mfanyabiashara wa Dagoretti ilipo, hata anapouza mzoga kwa bei inayokaribia gharama yake.

Ni haki pia kutaja mzigo anaoubeba mnunuzi. Ng'ombe anayesafirishwa mbali bila maji wala malisho hupungua uzito. Mwanzoni hupoteza kilichomo tumboni, lakini safari ikirefuka nyama yenyewe nayo hupungua. Machinjioni, mkaguzi hukata misuli ya mashavu, ulimi, moyo na bega akitafuta viluwiluwi vya tegu, kisha hupasua ini kutafuta minyoo bapa. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, ambayo ni ya mwaka 1972, mzoga usiopita ukaguzi haupigwi muhuri. Hasara hiyo humwangukia aliyenunua kwa jicho, naye hujikinga kwa kushusha bei ya kila ng'ombe, mzima na mgonjwa sawasawa.

Suala la nani anapanga bei ya ng'ombe lina historia chungu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilidai mifugo imezidi Ukambani, ikakamata ng'ombe na kuwauza kwa nguvu, huku kiwanda cha Liebig's huko Athi River kikihitaji nyama ya bei rahisi. Muindi Mbingu aliongoza Wakamba kwa miguu hadi Nairobi kupinga. Alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini serikali ililazimika kuacha kuwauza mifugo yao kwa nguvu. Barabara yenye jina lake leo inapita mbele ya City Market, penye bucha zinazouza nyama kwa kilo.

Tume ya Nyama ya Kenya, KMC, iliyoundwa mwaka 1950 na yenye kiwanda chake hapo hapo Athi River, ililipa kwa daraja na kwa uzito wa mzoga uliopoa. Utaratibu huo ulikuwa wa haki kuliko kukisia. Kilichouangusha ni malipo kuchelewa. Mfugaji anayehitaji fedha leo atachagua noti za dalali kuliko hundi ya miezi ijayo, hata kama kilo zimepunjwa.

Kwa hiyo dawa ni kuipeleka mizani mnadani bila kuondoa fedha taslimu. Kaunti zinatoza ushuru kwa kila ng'ombe anayeuzwa, na sehemu ya fedha hizo inunue mizani ya mifugo na kuitunza. Pawe na kanuni moja: ng'ombe wapimwe kabla ya kunyweshwa, maana tumbo lililojaa maji huongeza kilo zisizo nyama. Daraja na afya vibaki vya kujadiliwa kwa jicho, kwa kuwa mizani haioni mafuta wala tegu. Mwisho, bei ya kilo ya mzoga Dagoretti itangazwe redioni asubuhi ya siku ya mnada, kwa Kimaasai na Kiborana pamoja na Kiswahili. Hapo mfugaji ataweza kuipiga hesabu ileile anayoipiga dalali, na kukataa bei isiyolingana nayo.