Uhalisia katika Ikoni za Kompyuta

Zinapotajwa sanaa za taifa, aghalabu watu hukumbuka ngoma, vinyago, ufumaji na ushairi. Ni wachache watakaovitaja vile vipicha vidogo vilivyopangwa juu ya kioo cha kompyuta, yaani ikoni, ambavyo karani wa leo huvitazama mara nyingi kwa siku kuliko anavyotazama kinyago chochote. Na kwa kuwa hutazamwa bila kufikiriwa, hapana budi vihakikiwe. Makala haya yanashughulikia aina moja tu, nayo ni ikoni za kihalisia zilizochorwa kwa programu za vekta, ambazo zilitamalaki kuanzia mwaka 2000 hivi hadi 2012.

Tuanze na fani. Mchoro wa vekta haupakwi rangi nukta kwa nukta, bali huelezwa. Mchoraji huweka vifundo viwili, akakipa kila kifundo mkono mmoja wa kuuvuta mstari; hivyo nukta nne zatosha kuueleza mkunjo mzima. Hesabu hiyo haikuzaliwa miongoni mwa wachoraji. Ilizaliwa katika viwanda vya magari vya Ufaransa: Paul de Casteljau wa Citroën aliishughulikia mwaka 1959, na Pierre Bézier wa Renault, ambaye mikunjo hiyo imechukua jina lake, aliieneza katika miaka ya 1960. Tangu 2001 iko kanuni ya wazi ya kuiandika michoro ya namna hii, iitwayo SVG, na tangu 2003 iko programu ya bure ya kuichorea, Inkscape. Mwanafunzi akilifungua faili la SVG kwa programu ya kuandikia, atakuta maneno na tarakimu tupu. Mchoro ule ni maandishi! Mshairi hawezi kulijua jambo hili asifurahi.

Ili kitu kilichochorwa hivyo kionekane kama kinashikika, mchoraji hutumia hila chache. Huipaka bati rangi inayofifia hatua kwa hatua kutoka nyeupe hadi kijivu. Huongeza mng'ao mahali nuru inapopigia. Huweka kivuli laini chini yake. Nuru sharti itoke upande mmoja katika ikoni zote, la sivyo jicho hukataa kuamini, ijapokuwa mtazamaji hataweza kusema kilichomkera.

Sifa inayotajwa mno ya vekta ni kwamba mchoro mmoja waweza kukuzwa au kupunguzwa bila kuharibika. Kuhusu kukuza, ni kweli. Kuhusu kupunguza, sikubaliani. Ikoni ya pikseli 48 kwa 48 ina nukta 2,304. Ya pikseli 16 kwa 16 ina nukta 256 tu. Mstari mwembamba unapopunguzwa huangukia katikati ya pikseli mbili, na kompyuta huugawa pande zote mbili, ukabaki ukungu. Tazama kikapu cha taka cha nyaya kilichokuja na Mac OS X mwaka 2001. Katika pikseli 128 waweza kuzifuata nyaya zake moja moja. Katika 16, nyaya huyeyuka zikawa doa la kijivu. Mshairi aliyepewa mshororo wa mizani kumi na sita akatakiwa auseme kwa mizani minane hapunguzi herufi: hutunga upya. Mchoraji naye hana njia nyingine.

Hili lilieleweka vyema na kundi la Tango, lililoanza mwaka 2005 kuzichorea ikoni kompyuta zinazotumia programu huria. Tango waliweka masharti: rangi 27 zilizochaguliwa, nuru kutoka juu, ukingo mweusi kiasi kwa nje na mstari mwangavu kwa ndani, na kwamba ikoni za pikseli 32, 22 na 16 zirekebishwe kila moja kwa kipimo chake. Wapo watakaosema masharti hayo yanamfunga msanii. Malumbano kama hayo tumeyasikia sana katika ushairi wetu, na sina haja ya kuyarudia hapa. Itoshe kusema kwamba ikoni za Tango bado zasomeka, hali zile za Windows Vista za mwaka 2007, zilizopewa nafasi ya pikseli 256 kwa 256, zilijaa vioo na mng'ao kiasi cha kuonekana kama kabati la duka. Nafasi kubwa iliwaondolea wachoraji wake lazima ya kuchagua. Susan Kare, aliyechora ikoni za Macintosh ya 1984 kwa nyeusi na nyeupe katika pikseli 32 kwa 32, alilazimika kujiuliza kila mara ni alama ipi moja inayokifanya kitu kitambulike.

Lakini kitambulike na nani? Hapa twaingia katika maudhui, na hapa ndipo lawama yangu kubwa ilipo. Kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981, iliyoileta ofisini meza ya kuchorwa kiooni pamoja na nyaraka, majalada na kikapu cha barua zinazoingia, iliiga ofisi ya Marekani ya wakati wake, na hilo si kosa. Kila msanii huiga anachokiona. Kosa ni la waliofuata, waliodhani ofisi ile ndiyo ofisi yenyewe. Programu kadhaa za Marekani zilionyesha barua kwa sanduku la mashambani kwao: bati lililopinda juu, limesimama juu ya mti, lina kibendera pembeni. Sisi tuliozoea S.L.P., yaani kijisanduku chenye namba kwenye jengo la posta, tungeweza kulidhania ni mzinga wa nyuki. Hata Waingereza, wanaotumia lugha ileile, walibadilishiwa jina la pipa la taka la Macintosh likaitwa kikapu cha karatasi. Picha, hata hivyo, ilibaki ya pipa.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu pia. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kuheshimiwa. Lakini ilikuwa kazi ya maneno. Lugha ya picha haikuwa hoja. Na hapo uhalisia una hatari kuliko michoro sahili, kwa maana picha isiyo na mapambo hukiri kuwa ni ishara tu, bali picha yenye mng'ao na kivuli hudai kwamba hivi ndivyo kitu kilivyo.

Mwaka 2012 Windows 8, na mwaka 2013 iOS 7, zilifuta mng'ao na vivuli, zikaleta ikoni bapa. Wengi walidhani mjadala umekwisha. Walichofuta ni pambo. Jalada bado lina lile sikio la juu, ambalo kazi yake ni kusomeka ndani ya droo ya kabati la chuma, na alama ya kuhifadhi ingali diski ya plastiki ya inchi tatu na nusu, ambayo mwanafunzi wa leo hajapata kuishika.

Mwalimu anayetaka kulijaribu jambo hili darasani awape wanafunzi jalada la masijala. Halina sikio. Lina ganda la kaki, kisanduku cha namba katikati, na kamba fupi ya kijani yenye ncha za chuma iliyopita katika tundu la kona, inayozishika karatasi kwa mfuatano wa folio. Katika pikseli 48 vyote vitaingia, na ncha ya chuma ipewe nukta moja ya mng'ao. Katika 22 namba haisomeki tena, kwa hiyo kisanduku kiwe mstatili mweupe tu. Katika 16 hata mstatili uondoke, ibaki kamba peke yake: pikseli mbili au tatu za kijani kwenye kona ya juu kushoto ya ganda la kaki. Kisha picha hiyo apelekewe karani wa masijala, bila maelezo, aulizwe ni nini.